Nani huamua mtoto azaliwe: ndugu, majirani na vikundi katika historia ya uzazi Bukavu

Uamuzi wa kuzaa, katika mji wa Bukavu, haujawahi kuwa wa watu wawili peke yao. Ndoa haijatimiza miezi sita, shangazi amekwisha kuuliza, mama mkwe amekwisha kuhesabu, na majirani wa mtaa wa Kadutu au wa Panzi wameanza kumtazama bibi harusi tumboni. Wataalamu wa idadi ya watu huliita kundi hilo mtandao wa kijamii: ni wale ambao mtu huzungumza nao, huwaiga, huwaonea haya na huwategemea. Jambo hili si la Afrika tu. Mtafiti Laura Bernardi, katika kazi aliyoichapisha mwaka 2003, aliwahoji wenzi wa kaskazini mwa Italia, nchi ambayo watu wake huzaa watoto wachache sana, na hata huko alikuta marafiki, dada na wazazi wamo ndani ya kila hadithi ya jinsi mtu alivyoamua kuwa mzazi au kungoja.

Mtandao huo una kazi tatu. Hufundisha: mtu hujifunza mambo ya mimba, ya kunyonyesha na ya kupanga uzazi kwa kusikia kwa wenzake kabla hajasikia kwa muuguzi. Husukuma: humheshimu mwenye watoto na kumsuta asiye nao. Tena hubeba: hutoa mikono ya kumlea mtoto, chakula cha mzazi, fedha za hospitali na baadaye za shule. Ukifuatilia historia ya Bukavu, utaona kwamba zamani kazi zote tatu zilikuwa mikononi mwa watu walewale, na kwamba katika muda wa karne moja zimetengana. Kusukuma kumebaki na nguvu yake karibu yote. Kubeba kumepungua, na pale kulipobaki kumehamia kwa watu wengine.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1901, Wabelgiji walipoweka kituo chao kusini mwa Ziwa Kivu, karibu na mahali ambapo Mto Ruzizi unatoka ziwani. Milima iliyozunguka kituo hicho ilikuwa na watu wengi tayari: Bashi wa Kabare na Ngweshe, Bahavu wa Kalehe na wa kisiwa cha Idjwi, na Batembo kwenye misitu ya magharibi. Kwa Bashi, ardhi ilishikwa kwa mkataba wa kalinzi. Mtu alimpa chifu ng'ombe au mbuzi, akapata sehemu ya mlima ya kulima na kupanda migomba, na haki hiyo ikarithiwa na mwana wa kiume. Ng'ombe nao walizunguka kwa mkataba wa bugabire, ambapo mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake mnyama kwa masharti yanayojulikana juu ya maziwa na ndama. Katika mpango kama huo mtoto alikuwa sehemu ya haki ya familia juu ya mlima. Asiye na mrithi alilima shamba ambalo lingerudi kwa wengine.

Mahari yalipita katika mikono hiyohiyo. Kijana kwa kawaida hakuwa na ng'ombe wake. Baba, baba wadogo na kaka wakubwa walichanga, na wengine wakatoa ng'ombe waliowapata kwa mahari ya dada zao. Kila aliyechanga alikuwa na haki ya kuuliza. Mimba ikichelewa, mazungumzo yalihama kutoka chumba cha wenzi hadi uwanja wa ukoo, na huko ndiko kulikotajwa kurudisha ng'ombe au kuoa mke wa pili. Mume akifa, mjane aliweza kuchukuliwa na ndugu ya marehemu ili uzazi wake na watoto wake wabaki katika ukoo uliotoa mahari. Mwanamke mwenyewe aliulizwa kidogo sana katika mambo hayo, na haifai kuipamba hali hiyo kwa sababu tu ni ya kale.

Hata hivyo ukoo huohuo ulibeba. Shangazi wa upande wa baba alimwandaa binti kwa ndoa na kumweleza mambo ambayo mama yake asingeyasema. Mama mkwe na wanawake wazima wa kilima walikuwepo wakati wa kuzaa. Mzazi aliletewa uji wa mtama na kupumzishwa asiende shambani, na mtoto akishaacha ziwa alikuwa na bibi na dada wakubwa wa kumshika. Walioidai mimba ndio waliokuwa jikoni mtoto alipozaliwa.

Hata nafasi kati ya mtoto na mtoto ilikuwa jambo la watu wengi. Michel Caraël, aliyechunguza uzazi wa Kivu na kuchapisha kazi yake mwaka 1981, alikuta majirani wa karibu wakitenganisha mimba kwa njia tofauti. Kwa Batembo wa msituni, mume na mke walijitenga kwa muda mrefu baada ya kuzaa, na kuoa wake wengi kulisaidia kuistahimili desturi hiyo. Kwa Bashi na Bahavu, kujitenga kulikuwa kwa muda mfupi. Kilichochelewesha mimba ni kunyonyesha, mchana na usiku, kwa miaka. Watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi Kivu katika miaka ya 1970, miongoni mwao Pierre Delvoye na Claude Robyn, walieleza jinsi mwili unavyofanya kazi hiyo. Mama aliyenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku alibaki na kiwango kikubwa cha homoni ya prolaktini kwa zaidi ya mwaka, na hedhi yake ikachelewa kurudi. Wanawake wa milimani hawakuijua homoni hiyo kwa jina, lakini kila bibi alijua kwamba mtoto anayewekwa mbali na ziwa humwita mdogo wake haraka, na alimkemea mkwe aliyemwachisha mtoto mapema. Kanuni ya mwili ililindwa na macho ya watu.

Macho hayo ndiyo yaliyopungua watu walipohamia mjini. Kuanzia 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bukavu iliitwa Costermansville, kwa kumbukumbu ya Paul Costermans, afisa mkubwa wa utawala wa Kongo. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani, na Waafrika wakawekwa mlimani Kadutu, katika mtaa uliotawaliwa kwa utaratibu wa maeneo yaliyo nje ya mamlaka ya machifu, ambao sheria yake ilitoka mwaka 1931. Katika miaka ya 1950 shirika la nyumba za Waafrika, lililoanzishwa mwaka 1952, lilijenga Bagira: safu za nyumba ndogo zilizopimwa kwa baba, mama na watoto wao. Bibi na shangazi hawakuwekewa chumba. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilizuia ndoa mpya za wake wengi na kuwafungia wake wa pili milango ya mitaa ya mijini. Kwa mpigo mmoja serikali ilikuwa imechora familia inayoitaka, na mtandao wa uzazi ukapunguzwa kwa matofali na kwa karatasi.

Mahali pa ukoo pakaingia wageni wawili: mwajiri na misheni. Utawala wa Kibelgiji ulikuwa na hofu ya muda mrefu kwamba Wakongo wanapungua na kwamba migodi na mashamba yatakosa watu. Mwaka 1912 ulianzishwa umoja wa kulinda watoto weusi. Mwaka 1947 ukaja mfuko wa ustawi wa wenyeji, uliojenga zahanati na nyumba za uzazi vijijini. Makampuni makubwa, yakiongozwa na Union Minière ya Katanga, yaligundua kwamba mfanyakazi aliye na mke na watoto hakimbii kazi, yakaanza kutoa posho kwa ajili ya mke na kila mtoto. Katika miaka ya 1950 malipo ya familia yalikuwa jambo la sheria. Kwa mara ya kwanza mtoto aliandikwa kwenye karatasi ya mshahara, na mtu ambaye si ndugu akawa na faida ya wazi katika kuzaliwa kwake.

Misheni ilileta mtandao wa aina nyingine. Nyumba ya uzazi ya masista ilimweka mwanamke wa Kadutu kitanda kwa kitanda na wanawake wa Ngweshe, wa Idjwi, wa Shabunda, ambao kwa desturi asingekutana nao. Usumbura, mji jirani upande wa kusini, ulifungua mwaka 1946 kituo cha kufundisha wanawake wa mjini kushona, kupika, kuosha mtoto na kuweka nyumba safi, na vituo vya namna hiyo vikaenea katika miji ya Kongo ya Kibelgiji, Rwanda na Burundi. Mwanamke alitoka huko na marafiki wapya, na marafiki hao walimfundisha kulingana na walichosikia: ratiba ya kunyonyesha, maziwa ya kopo, nguo za mtoto.

Matokeo yake yalikwenda kinyume na fikra za wengi, wanaodhani kwamba maisha ya mjini hupunguza watoto mara moja. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu wa 1955 hadi 1957, ambao mtaalamu Anatole Romaniuk aliufanyia kazi kwa miaka mingi, ulionyesha Kivu ikiwa miongoni mwa maeneo yenye uzazi mkubwa kuliko yote ya Kongo, wakati sehemu za kaskazini kama Équateur zilikuwa na wanawake wengi wasiozaa kutokana na magonjwa ya zinaa. Romaniuk alieleza baadaye, mwaka 1980, kwamba hatua za kwanza za maisha ya kisasa ziliongeza uzazi. Tiba iliondoa utasa, na desturi zilizotenganisha mimba zikalegea. Huko Bukavu unaweza kuona jinsi jambo hilo lilivyotokea. Mama mkwe aliyekuwa akilinda muda wa kunyonyesha alikuwa Kabare, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Lakini hamu yake ya wajukuu ilifika mjini kila siku ya soko, kwa mdomo wa wauza ndizi. Mji ulikuwa umeikata sehemu ya mtandao iliyozuia na kuiacha ile iliyohimiza.

Uhuru wa 1960 haukubadilisha hilo. Bukavu ilipita katika vita vya 1964, kisha mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme wakaishika kwa miezi mitatu hivi. Jambo lililogusa uzazi moja kwa moja lilikuja mwaka 1972, Rais Mobutu alipotangaza sera ya uzazi unaotakiwa, yaani watoto wanaokuja wazazi wanapowataka. Mwaka uliofuata liliundwa baraza la taifa la kuieneza sera hiyo, na huduma zake zikaanzia Kinshasa na kusogea taratibu kwenye miji mingine. Sheria ya adhabu iliyorithiwa kwa Wabelgiji, iliyokataza kueneza njia za kuzuia mimba, ilibaki vitabuni kama ilivyokuwa. Dola lilisema mambo mawili kwa wakati mmoja, na raia wakasikiliza kwingine.

Kwingine huko, kwa watu wengi wa Bukavu, kulikuwa kanisani. Barua ya Papa Paulo wa Sita, Humanae Vitae, ilikuwa imetoka Julai 1968, na hospitali na zahanati nyingi za Kivu zilikuwa za misheni za Kikatoliki. Zilifundisha njia za asili za kuhesabu siku, na hazikutoa vidonge. Wakati huohuo kanisa liligawa parokia zake katika jumuiya ndogo za mtaa, ambazo waumini wa Bukavu huziita shirika. Majirani wa nyumba chache hukutana kila wiki, husali, hutembelea wagonjwa, huchangia misiba na hufurahia watoto wapya. Huwezi kuelewa uzazi wa mji huu bila shirika. Ndiyo iliyorithi nafasi ya kilima. Mwanamke ambaye ndugu zake wako mbali hupata pale mama wa kumshauri, na mwanamke aliyekaa miaka minne bila mtoto hukaa pale kila wiki katikati ya wenye watoto. Makanisa ya Kipentekoste, kama CEPAC iliyotokana na misheni ya Waswidi na CELPA iliyotokana na ya Wanorwe, yalijenga mizunguko yao ya akina mama, na humo kulikuwa na maombi ya pekee kwa wanaotafuta mtoto.

Jinsi mizunguko ya namna hiyo inavyofanya kazi imechunguzwa vizuri zaidi upande wa pili wa Ziwa Victoria. Kuanzia 1994, Susan Watkins na wenzake waliwauliza wanawake na wanaume wa Nyanza Kusini, nchini Kenya, wanazungumza na nani juu ya kupanga uzazi. Walikuta kwamba habari za zahanati haziaminiwi mpaka zipitie kwa mtu anayejulikana: shemeji aliyechomwa sindano akabaki mzima, jirani aliyetoka damu nyingi. Mwaka 2001 Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Watkins walionyesha tofauti muhimu. Palipokuwa na biashara kidogo, mtandao ulioshikamana, ambamo wote wanajuana, ulifanya kazi ya kusukuma zaidi. Mtu alifuata walio wengi. Palipokuwa na soko lenye shughuli nyingi, mtandao ulifundisha zaidi. Mtu alikusanya habari, kisha akajipimia. Bukavu ina hali zote mbili ndani ya mji mmoja. Shirika ya mtaani ni mtandao ulioshikamana, na soko la Kadutu, ambako muuza sombe hukaa karibu na muuza vitenge aliyetoka Kampala, ni mtandao wa mlango wazi.

Soko hilo lilikua kwa sababu mishahara ilikufa. Uchumi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, uliporomoka baada ya serikali kutwaa biashara za wageni kuanzia mwishoni mwa 1973, na kufikia miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu au karani, pamoja na malipo ya familia yaliyoandikwa ndani yake, haukununua gunia la unga. Mwajiri, mgeni wa miaka ya 1950, alitoka katika mtandao wa uzazi kimyakimya. Mzigo wake uliangukia wanawake wanaouza, na wanawake hao wakauweka kwenye likelemba.

Likelemba ina kanuni nyepesi. Wanawake kumi au kumi na wawili wa meza za jirani hutoa kila mmoja kiasi kilekile, kila siku au kila wiki, na fungu zima huchukuliwa na mmoja kwa zamu. Zamu hupangwa mwanzoni, lakini hubadilishwa kwa makubaliano, na sababu inayokubalika bila ubishi ni kuzaa. Mwenye mimba ya miezi saba huomba zamu yake isogezwe mbele, aliyekuwa ashike fungu mwezi huo huachia, na jina lake huhamishwa kwenye daftari la mweka hazina. Anayejifungua bila kuwa na zamu karibu hubaki mikononi mwa ndugu. Kwa hiyo kuna wanawake wanaopanga mimba kwa kuangalia daftari: wanangoja mzunguko uanze upya, au wanaahirisha mtoto wa nne mpaka wamalize kulipa deni. Hapa kikundi hakikusukuma wala kukataza. Kilimpa mwanamke kitu cha kuhesabia, jambo ambalo karatasi ya mshahara ya mumewe haikuweza tena.

Kisha vita. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa mamia ya maelfu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 majeshi ya waasi wa AFDL na washirika wao yaliuteka mji, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29 ya mwezi huo. Agosti 1998 uasi wa kundi la RCD ulianza, na Juni 2004 wanajeshi waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliushika mji kwa siku kadhaa. Vijiji vya Walungu, Kalehe, Mwenga na Shabunda vilimwaga watu wao Bukavu, na mitaa ya Panzi, Essence na Cimpunda ikapanda mlima nyumba juu ya nyumba. Mji ambao Wabelgiji waliupimia maelfu ya watu sasa una zaidi ya milioni moja.

Hospitali ya Panzi inabeba historia hiyo katika msingi wake. Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1955 na mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alikuwa amesomea magonjwa ya wanawake kwa sababu ya akina mama aliowaona wakifa wakizaa huko Lemera. Hospitali ya Lemera iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa kuuawa, alihamia mjini, na mwaka 1999 Panzi ikaanzishwa chini ya CEPAC ili wanawake wapate mahali pa kujifungulia. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa; alikuwa amebakwa na kujeruhiwa kwa risasi. Tangu hapo wamepita makumi ya maelfu ya walioumizwa kwa ubakaji, pamoja na wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Kwa wanawake hao swali la kuwa mzazi liliondolewa mikononi mwao kwa nguvu, na kilichofuata kilitegemea mtandao karibu peke yake. Mwenye fistula, ambaye mara nyingi alikuwa amepoteza mtoto wakati wa uchungu, aliachwa na mume, akakaa pembeni kanisani kwa sababu ya harufu, akahesabiwa kuwa tasa. Aliyepata mimba ya ubakaji alirudi nyumbani na mtoto ambaye ukoo wa mume haukumtambua na ambaye ukoo wake mwenyewe haukuwa na mahari ya kumweleza. Kuna familia zilizompokea mtoto huyo na kumpa jina la babu, na kuna zilizomfukuza mama yake. Upasuaji uliweza kurudisha mwili. Kumrudisha mwanamke kati ya watu kulihitaji watu, na ndiyo maana Panzi ililazimika kuongeza nyumba za kuishi, mafunzo ya kazi na vikundi vya akiba juu ya tiba yake. Kituo cha Cité de la Joie, kilichofunguliwa Bukavu mwaka 2011, kilijengwa kwa wazo hilohilo la kuwapa waliotengwa ndugu wapya.

Vita havikupunguza uzazi. Uchunguzi wa taifa wa 2013 na 2014 ulikuta mwanamke wa Kongo akizaa kwa wastani watoto 6.6, Kinshasa ilikuwa na 4.2, na Kivu Kusini zaidi ya saba. Kati ya wanawake walioolewa nchini, 8 tu kwa kila mia walitumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Sababu za uzazi huo mkubwa ziko wazi kwa anayeujua mji. Aliyezika watoto wawili njiani hataki kubaki na wawili. Nyumba yenye mabinti watupu huendelea kuzaa ikitafuta mvulana, kwa sababu ukoo bado unamhesabu mrithi wa kiume hata pale ambapo hakuna shamba lililobaki la kurithiwa. Tena mwanamke mwenyewe hupokea cheo chake kwa mtoto: mtaani huacha kuitwa kwa jina lake siku anapozaa, akawa Mama Bahati au Mama Nsimire, na asiyezaa hubaki akiitwa kwa jina la usichana wake katika kila salamu ya asubuhi.

Pale ambapo kusukuma na kubeba vimeachana kabisa panaonekana kwenye mlango wa malipo wa nyumba ya uzazi. Mwanamke amejifungua kwa upasuaji. Ameruhusiwa kitabibu, lakini hawezi kutoka mpaka bili ilipwe, na kila siku anayokaa huongezeka juu ya bili hiyo. Mume huzunguka na simu. Mjomba aliyesema sana siku ya mahari yuko Kinshasa na mtandao wake haupatikani; ukoo unatuma kuku na pongezi. Wanaofika na fedha ni mwenye daftari la likelemba, wajumbe wawili wa shirika walio na mchango wa Jumapili, na mwenzake wa kuuza samaki. Kuzuia akina mama kwa sababu ya deni kumekuwa tabu ya kawaida katika hospitali nyingi za Kongo, na ni aibu ambayo hakuna desturi wala uchumi unaoihalalisha. Jimbo kuu la Bukavu, kupitia ofisi yake ya huduma za afya, limehimiza mifuko ya afya ya pamoja, ambapo familia hulipa ada ya mwaka na mfuko hubeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu. Mifuko hiyo husaidia waliolipa kabla ya mimba, na wengi hukumbuka baada.

Simu, iliyoenea mjini tangu mwanzo wa miaka ya 2000, imepanua mtandao bila kuubadilisha tabia. Kikundi cha familia kwenye WhatsApp humkusanya bibi wa Ngweshe, kaka wa Brussels na binamu wa Kampala, na picha ya mtoto mpya hupokea baraka hamsini kabla hajaoshwa. Swali ambalo zamani liliulizwa uwanjani sasa huulizwa mbele ya wote kwa maandishi. Lakini kwa simu hiyohiyo msichana wa chuo humwuliza rafiki yake mambo ya kijiti cha mkononi, sindano na madhara yake, mambo ambayo asingemwuliza shangazi. Na Radio Maendeleo, iliyoanza Bukavu mwaka 1993, pamoja na redio nyingine za mji, zimeyafikisha mazungumzo ya afya ya uzazi hata kwa wasiokuwa na fedha za intaneti.

Sheria nayo imesogea. Kanuni ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe katika mambo mengi ya kisheria na iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa idhini hiyo na kuweka miaka 18 kwa wote. Mahari yamebaki sharti la ndoa, na huko Bukavu ng'ombe wake sasa huhesabiwa kwa dola. Sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 ilitambua wazi haki ya kutumia njia za kupanga uzazi, na hivyo kuifunika ile adhabu ya kikoloni. Katika uchunguzi wa taifa wa 2023 na 2024, wastani wa nchi ulishuka hadi watoto 5.5 kwa mwanamke.

Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu, na mabenki ya mji yakafungwa. Mwenye akaunti alibaki na namba tu. Familia ya Bukavu inayomwomba mkwe wake mjukuu katika hali hii ina wajibu ulio wazi: imlipie ada ya mfuko wa afya mapema, iweke mezani suala la bili ya uzazi kabla ya suala la jina la mtoto, na ikubali jibu lake akisema bado.